Mwendesha baiskeli mpya, waliokutangulia umewasalimu?

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, barabara ya Kilifi kwenda Malindi huwa na makundi mawili ya waendesha baiskeli. Kundi la kwanza lina helmeti, miwani myeusi, fulana za kubana zenye rangi za kuwaka, na chupa ya maji iliyochomekwa kwenye fremu. Hawa ni watu wazima walioanza baiskeli ukubwani: mwalimu, karani, mfanyakazi wa benki, daktari, mgeni aliyehamia Watamu akapapenda. Kundi la pili lina kandambili, shati lililofunguka vifungo viwili vya juu, na ile baiskeli nyeusi ya chuma tuliyoibatiza blakimamba, nyuma yake kuna madafu au mitungi ya maji. Makundi haya hupishana Tezo, yakapishana tena Matsangoni na Mida, na mara nyingi hakuna anayefungua kinywa. Katika pwani hii, ambako mtu hupita mbele ya baraza ya watu asiowajua na bado akatoa salamu, ukimya huo ni wa ajabu. Ninavyoona mimi, ukimya huo una gharama, hasa kwa kundi la kwanza, na anayepaswa kuuvunja ni yule aliyeingia barabarani baadaye.

Kwanza tuwape haki yao hawa walioanza ukubwani. Kujifunza baiskeli ukiwa na ndevu, au ukiwa mama wa watoto watatu, kunataka moyo. Mtoto akianguka huinuka akaendelea. Mtu mzima akianguka mbele ya steji ya matatu hutazama kwanza nani kamwona, ndipo atazame goti. Lugha yenyewe haimsaidii. Tumezoea kuambiana samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba akishakauka hana tena kazi ila kuliwa. Lakini nchi hii hii ndiyo iliyompa ulimwengu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule moja ya msingi mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Na lile neno ngumbaru, tunalolitamka kwa mzaha, ndilo jina la madarasa yaliyowafundisha wazee wetu kusoma na kuandika majina yao. Sababu za kiafya nazo zipo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima wana shinikizo la damu. Dakika 150 ni safari tano za nusu saa. Anayekaa Tezo na kufanya kazi mjini Kilifi akienda kazini kwa baiskeli Jumatatu hadi Ijumaa, amekaribia kuzimaliza kabla hata ya kuhesabu safari za kurudi.

Mtu mzima akishathubutu, jambo la pili analofanya ni kutafuta wenzake. Anaingizwa katika kikundi cha simu, anakaribishwa, anaambiwa ajitambulishe, naye anajitambulisha: jina, kazi, baiskeli ya aina gani, ina gia ngapi, wiki iliyopita alikwenda kilomita ngapi. Kuna ukarimu mwingi humo, na sina ugomvi nao. Anayeanza peke yake huacha haraka. Anayesubiriwa na wenzake saa kumi na moja na nusu alfajiri huona haya kubaki kitandani. Ninachokitilia shaka ni mpaka wa utambulisho huo. Umechorwa kwa mavazi. Mtu anaweza kuendesha miezi sita, akawajua wanakikundi wote kwa majina na kwa idadi ya kilomita, na asimjue hata mmoja kati ya watu wanaopita njia hiyo hiyo kila siku ya Mungu tangu yeye hajui kushika usukani.

Na watu hao ndio wenyeji wa barabara. Kabla pikipiki hazijafurika, Malindi ilikuwa mji wa baiskeli. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, likiwa la baiskeli zilizovusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine, na hata huku pwani baiskeli ndizo zilizotangulia kuitwa hivyo: keria imewekewa kigodoro, abiria mwanamke kakaa upande na kikapu chake mapajani, mwendeshaji anapiga kengele kupenya katikati ya watu wa sokoni. Serikali ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, na tuktuk zikaongezeka, abiria walihama. Mzigo haukuhama wote. Lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo mitungi minne ni kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyeshiba, mbali na uzito wa baiskeli ambayo ni chuma kitupu. Miwili huning'inia kulia, miwili kushoto, imekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mwenye mzigo huo hawezi kupanda kama upandavyo wewe. Hushika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akasukuma hatua kadhaa mpaka baiskeli ipate mwendo, ndipo arushe mguu. Akishapanda, kusimama ghafla hakupo, kwa sababu breki ni zile za fito na mzigo humsukuma kwa nyuma. Kila shimo lazima alione mapema. Kila gari linalokuja lazima alisikie kabla halijafika. Ukitaka kumjua mwendesha baiskeli stadi, huyo hapo.

Kama mfano huo unaonekana kama sifa za bure, kuna kisa cha mwaka 2008. Mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili kutoka Eldoret. Mmoja, Zakayo Nderi, alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Mwenzake, Samwel Mwangi, alikuwa mpiga rangi viatu. Walipelekwa kupanda Alpe d'Huez, mlima ambao mashindano ya Tour de France yameufanya maarufu kwa kuwatoa watu roho, na Nderi akaumaliza kwa takriban dakika 42, muda ambao waendeshaji wengi wa wikendi wenye baiskeli za bei ya gari huuota tu. Miguu ile ilikuwa imefundishwa na abiria. Sisemi kila mchuuzi wa madafu wa Gede ni bingwa aliyefichika. Nasema elimu ya baiskeli nchini humu haikuanzia kwa waliosoma majarida, na anayetaka kuipata atafute pale ilipo.

Chukua upepo tu. Pwani yetu ni tambarare, kwa hiyo milima yetu ni upepo. Mwezi wa Julai ukitoka Kilifi kuelekea Malindi kusi iko mgongoni, na mwanafunzi hujiona bingwa. Anapogeuza ndipo anapojua kwamba nusu ya ubingwa ule haikuwa yake. Kaskazi ikiingia Desemba, hesabu inageuka. Waswahili waliendesha biashara ya bahari nzima kwa hesabu hiyo, na mtu aliyebeba kilo 80 hana anasa ya kuisahau. Anajua pia mahali ambapo ukingo wa lami umeliwa na mvua, hata ukikwepa lori unatua mchangani na gurudumu la mbele linazama. Anajua saa ambayo magari ya Malindi huanza kukimbizana. Anajua, zaidi ya yote, fundi ni nani. Chini ya mwarobaini, pembeni ya barabara, kuna benchi, pampu, karai la maji yaliyogeuka rangi ya chai, na debe la spana. Fundi huchomoa tairi, akaivuta tyubu kama matumbo ya kuku, akaitia upepo kidogo, akaizamisha majini kipande kwa kipande huku akikaza macho. Mapovu madogo yakitokea anaweka kidole, anakausha kwa kanga ya zamani, anakwangua kwa kipande cha msasa, anapaka solusheni na kuipulizia, anasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo habari zote za barabara zinapopita: nani kaangushwa wapi, daraja gani limeharibika, ni matatu ipi isiyoheshimu mtu. Anayepakia baiskeli yake kwenye gari kuipeleka Mombasa kila ikiharibika amenunua huduma nzuri pengine, lakini benchi hilo amelikosa.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, na ndiyo inayopingwa zaidi. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu vifo 4,324 katika barabara za Kenya mwaka 2023, na mwaka 2024 vikapanda hadi 4,748. Wengi wa waliokufa ni waenda kwa miguu na watu wa pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga. Mwendesha baiskeli yumo katika fungu hilo hilo. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Peter Jacobsen, alichapisha uchunguzi uliolinganisha miji ya California, miji ya Denmark na nchi kadhaa za Ulaya, akagundua kwamba mahali waendesha baiskeli na waenda kwa miguu wanapoongezeka mara mbili, hatari kwa kila mmoja wao hupungua kwa takriban theluthi moja. Maelezo yake ni mepesi: dereva anayekutana na baiskeli kila baada ya dakika mbili hujifunza kuitarajia. Mpinzani atasema, na kwa haki, kwamba salamu haiongezi baiskeli hata moja barabarani. Atasema pia kwamba pengine barabara salama ndizo zinazowavuta waendeshaji, wala si waendeshaji wanaozifanya barabara kuwa salama. Nakubali nusu. Lakini tazama hali yetu: wingi huo tayari tunao, ila tumeugawa. Mwenye fulana ya kuwaka hujiona yuko peke yake njiani, huku amepishana na baiskeli nyingi tu tangu alipotoka nyumbani. Hazimo katika hesabu yake. Kwa dereva wa lori hakuna tofauti hiyo. Yeye anaona baiskeli, na desturi anayojifunza kwa mmoja ndiyo atakayomtendea mwingine. Akizoea kumrushia mchuuzi mchanga, hawezi kukumbuka adabu kwa ajili ya daktari.

Kuna na jambo la taa, ambalo watu huliona dogo. Blakimamba nyingi hurudi nyumbani magharibi bila taa ya nyuma, na jua letu likishatua halingoji mtu. Upande wa pili kuna waendeshaji wenye droo nzima ya taa ndogo walizobadilisha kwa sababu zilizotoka mpya zinang'aa zaidi. Kati ya droo hiyo na keria ile hakuna umbali wowote ila wa watu wasiojuana. Nasisitiza kujuana, maana bila hilo taa huwa sadaka, na sadaka barabarani humfanya mpokeaji ashukuru na kuondoka. Ukimjua mtu kwa jina, mnabadilishana: yeye akuambie usiache mkoba nje kwenye kona fulani, wewe umpe taa. Hakuna anayedaiwa.

Lakini mahali gharama ya ukimya inapoonekana wazi kabisa ni kwenye mkutano wa bajeti. Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, usafiri na maegesho, na sheria inataka wananchi waulizwe kabla ya fedha kugawanywa. Kilifi ina watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019. Katika mikutano hiyo husikika watu wa maji, wa shule, wa zahanati, wa boda boda ambao wamejipanga kwa vyama. Baiskeli haina msemaji. Wakati huo huo barabara kuu ya Mtwapa hadi Kilifi inapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na msaada wa Umoja wa Ulaya, kazi itakayotumiwa na vizazi viwili au vitatu, na yeyote aliyeishi Kenya anajua kwamba njia ya baiskeli isipochorwa mwanzoni haichorwi tena. Ikichorwa bila mwenyewe kuwepo, mwaka wa pili imekuwa soko la viatu na maegesho ya matatu. Nani atakwenda kudai? Kundi la kwanza lina wanasheria, wahandisi na watu wanaojua kuandika barua ikajibiwa, lakini ni wachache, na wakisimama peke yao wataambiwa, wala si uongo, kwamba wanadai lami ya kufanyia mazoezi. Kundi la pili lina idadi na lina haja isiyobishika, kwani mtu wa maji akiumia watu wanalala na kiu, lakini halina nafasi ya kupoteza asubuhi nzima ukumbini. Kila kundi lina kile ambacho mwenzake hana. Na hayawezi kwenda pamoja mbele ya kamati yakiwa hayajawahi kuambiana hujambo.

Wasio na msemaji hupatwa na nini, jirani zetu wameonyesha. Machi 2022 wakuu wa Burundi waliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji za kubeba watu katikati ya Bujumbura. Sababu zilizotolewa zilikuwa msongamano na ajali. Siku moja una kazi, siku ya pili wewe ndiwe msongamano. Kwa upande mwingine kuna Uholanzi, ambayo watu wengi hudhani ilizaliwa na njia za baiskeli. Haikuzaliwa nazo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zake, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na mabadiliko yalianza pale wazazi waliofiwa, wakereketwa wa baiskeli na wakazi wa mitaa ya kawaida walipoingia barabarani pamoja. Wale wazazi hawakuwa wanamichezo. Nguvu ilitokana na mchanganyiko huo, na nchi yenye fedha nyingi kuliko yetu ililazimika kusikiliza.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo nadhani ndilo lenye uchungu. Msomaji mmoja atasema: huu ni unafiki wa wenye nacho. Mmoja anaendesha kwa hiari, mwingine kwa kukosa nauli au kwa kukosa pikipiki. Mmoja anapunguza tumbo, mwingine analitafutia. Kuwaita wote ndugu wa baiskeli ni kuupaka umaskini rangi ya michezo. Na mwenye mitungi, ukimpa fedha kesho, atanunua pikipiki wala hatatazama nyuma. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu sijasema ni ndugu. Salamu haidai usawa; kwetu mtu humsalimu aliye juu yake na aliye chini yake, na hajafuta tofauti yoyote kwa kufanya hivyo. Inachokiri salamu ni kwamba mwenzako yupo. Kuhusu pikipiki, anayeweza kuinunua na ainunue, ni haki yake, lakini mpaka siku hiyo ifike yuko barabarani kwa baiskeli, na mashimo hayamsubiri atajirike. Kitu kinachonichekesha kidogo ni kwamba wanaoogopa unafiki huo mara nyingi ndio wanaoendelea kupita kimya, kana kwamba kumpuuza mtu ni njia ya kumheshimu.

Historia ya baiskeli ya Kenya, isitoshe, ina mfano uliovuka tofauti kubwa kuliko hizo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Kabla ya hayo yote alikuwa mtoto wa Kizungu ambaye mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, nahodha wa timu ya Kenya, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa kijiji chake huko Kikuyu. Kijana huyo hakuanzisha klabu yake Karen akangoja Wakikuyu waje kujisajili. Alikwenda kwa waliokuwa wakiendesha, akaendesha nyuma yao, akatengeneza baiskeli pamoja nao. Tofauti ya mali na ya rangi haikwisha, na njia alizofunguliwa yeye baadaye hazikufunguliwa kwa wenzake wengi, hilo lisifichwe. Ila mwanzo ulikuwa sahihi: mgeni ndiye aliyepiga hodi.

Wanawake wana swali lao. Mama wa makamo anayejifunza baiskeli Malindi hutazamwa mara mbili, mara ya kwanza kwa umri, mara ya pili kwa mavazi, na kumwambia aanze kujitambulisha kwa wanaume asiowajua kandokando ya barabara ni ushauri wa mtu asiyejua maisha yake. Nakubali. Njia yake inapita kwingine. Sokoni, na kule samaki wanakoshushwa, kuna akina mama wanaonunua vidagaa na samaki wadogo wa kukaanga, na wengine wao huletewa mzigo kwa baiskeli na kijana yule yule, asubuhi baada ya asubuhi. Mama huyo akianza kwao ameingia kwa mlango wenye heshima, na yule kijana atamjua kama mteja wa fulani kabla hajamjua kama mwanamke juu ya baiskeli. Kuhusu buibui, Unguja hakuna anayesimama kumshangaa mwanamke wa buibui juu ya baiskeli. Baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu ipo kwa mafundi wa mitumba, na kizuizi cha cheni ni kipande cha bati tu.

Limebaki moja, nalo ni la adabu: watu wako kazini, usiwasumbue. Kweli. Mwenye mzigo anayepanda kutoka darajani Kilifi hana pumzi ya kukuambia habari ya watoto, na kumsimamisha ni kumwonea, kwa kuwa kuanza tena na mitungi minne ni kazi kuliko kuendelea. Huyo msalimu ukiwa mwendoni, neno moja, jina ukilijua, na umpite kwa nafasi huku umegonga kengele mapema asishtuke. Mazungumzo yana mahali pake, na mahali pake ni pale chini ya mwarobaini. Kaa kwenye benchi, subiri zamu yako hata kama unaweza kulipa zaidi ili utangulizwe. Utaona kwamba maswali ya hapo si yale ya kikundi cha simu. Hakuna atakayekuuliza gia ngapi wala kilomita ngapi. Mzee aliyeleta rimu kunyooshwa atataka kujua unakaa wapi, umepanga kwa nani, wazazi wako ni watu wa wapi, na ukitaja Mambrui au Takaungu atakuwa na mtu huko wa kukuulizia. Jibu vizuri, maana huko ndiko kujitambulisha kwenyewe. Kisha muulize yeye, na tyubu yako itakuwa bado haijakauka.